Kimya cha Mgonjwa Si Ruhusa ya Kusubiri

Katika wodi nyingi zinazolaza majeruhi wa ajali, husikika kauli moja ambayo imezoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeishtukia: "Kwa sasa hakuna la kufanya, tunasubiri azinduke." Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema. Hutolewa baada ya daktari wa upasuaji kumaliza kazi yake, au baada ya kipimo cha CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovilia ndani ya fuvu inayohitaji kuondolewa. Huwatuliza ndugu kwa muda na humpunguzia mhudumu maswali. Hata hivyo, kauli hiyo si ya kweli, na madhara yake ni makubwa. Mgonjwa aliyepoteza fahamu kutokana na jeraha kali la ubongo ni miongoni mwa wanaohitaji kufanyiwa mengi zaidi wodini, kwa kuwa hawezi kujigeuza, kukohoa ipasavyo, kumeza, kufumba macho yake vizuri, kuomba maji wala kulalamika. Kila ambacho mwili wake umeacha kujifanyia lazima kifanywe na mkono wa mtu mwingine.

Makala haya yanatetea hoja moja: huduma ya kando ya kitanda si shughuli ya kupisha muda wakati tiba ikisubiriwa. Huduma hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe, na mara nyingi ndiyo sehemu kubwa zaidi. Tena, kwa kuwa mengi yaliyomo ndani yake hayadai mashine za gharama, hospitali ya wilaya au ya mkoa haina sababu ya kuyaahirisha hadi siku ambayo vifaa vitafika.

Jeraha la pili

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2023, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Nchini Tanzania, kama ilivyo kwa majirani zake, wahudumu wa idara za dharura wanajua bila kuambiwa ni wangapi kati ya majeruhi hao waliletwa kutoka kwenye ajali za bodaboda, wengi wao bila kofia ngumu kichwani. Hao ni vijana ambao familia zao zinawategemea, na ubongo wa kijana una uwezo wa kupona kuliko ule wa mzee, mradi usijeruhiwe tena.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo kiini cha jambo. Ubongo hujeruhiwa mara mbili. Jeraha la kwanza hutokea pale kichwa kinapogonga lami au jiwe, na hakuna daktari anayeweza kulirudisha nyuma. Jeraha la pili hutokea katika saa na siku zinazofuata, pale ubongo uliokwisha kuumia unapokosa oksijeni, unapopungukiwa damu, unapovimba, unapopata homa kali au unapoishiwa sukari. Jeraha hili la pili hutokea hospitalini, mbele ya macho ya wahudumu, na sehemu yake kubwa huweza kuzuiwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba shinikizo la damu la juu likishuka chini ya 90, hata mara moja tu, vifo miongoni mwa majeruhi wa ubongo huwa karibu mara mbili ya vile vya wasiopatwa na hali hiyo. Mhudumu anayepima shinikizo la damu kila saa na kuchukua hatua mara linaposhuka anaulinda ubongo kama vile daktari wa upasuaji anavyoulinda kwa kisu chake.

Kuna wanaodhani kwamba huduma ya kweli kwa mgonjwa wa namna hii inawezekana tu penye kifaa cha kupima shinikizo ndani ya fuvu. Kifaa hicho kina thamani yake. Lakini mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Bolivia na Ecuador, ukihusisha majeruhi 324, ambao ulilinganisha tiba iliyoongozwa na kifaa hicho na tiba iliyoongozwa na uchunguzi wa mara kwa mara wa mgonjwa pamoja na picha za CT. Kundi la kwanza halikuonekana kupata nafuu kuliko la pili. Utafiti huo hausemi kwamba vifaa havina maana. Unasema kwamba macho na mikono ya mhudumu makini, vikifanya kazi kwa utaratibu, ni chombo cha tiba kinachostahili heshima.

Kwa upande mwingine, si kila kinachoonekana kuwa ni dawa humsaidia mgonjwa. Kwa miaka mingi majeruhi wa kichwa walichomwa sindano za dawa za jamii ya steroidi ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Mwaka 2004 utafiti mkubwa uliohusisha majeruhi zaidi ya 10,000 katika nchi nyingi ulidhihirisha kwamba dawa hizo ziliongeza vifo. Hali kadhalika, dripu ya maji yenye glukosi ya asilimia 5, ikitolewa pasipo upungufu wa sukari mwilini, huweza kuzidisha uvimbe. Palipo na ubongo ulioumia, utulivu wa kufanya yaliyo sahihi kwa ukamilifu huokoa wengi kuliko pupa ya kuongeza dawa.

Kupima kabla ya kusema

"Hajitambui" ni neno linaloandikwa kwenye faili kila siku, na halimweleshi chochote anayepokea zamu. Mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti, walibuni kipimo ambacho leo kinatumika duniani kote: macho hupewa alama 1 hadi 4, usemi 1 hadi 5, na mwitikio wa viungo 1 hadi 6. Jumla ya alama 8 au pungufu huashiria jeraha kali. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala maabara, ila kinahitaji uaminifu.

Uaminifu huo huanza kwa kuandika alama tatu mbalimbali badala ya jumla pekee. Mgonjwa mwenye macho 4, usemi 2 na viungo 2 ana jumla ya 8. Mwenye macho 1, usemi 1 na viungo 6 naye ana 8. Wa kwanza, akifinywa, mikono yake hunyooka na kukakamaa, dalili ya ubongo ulioumia vibaya. Wa pili anatii anapoambiwa ainue vidole viwili, na huenda macho yake hayafunguki kwa sababu tu kope zimevimba, na hasemi kwa sababu ana mrija kooni. Hao ni wagonjwa wawili tofauti kabisa waliofichwa na namba moja. Ndiyo maana inapasa kuandika pia kwamba macho au usemi haukuweza kupimwa, na sababu yake.

Kipimo hicho kifanyike kila saa katika siku za mwanzo, au mara nyingi zaidi pale hali inapobadilika, kikiambatana na kuangalia mboni za macho kwa tochi. Alama zikishuka kwa 2 au zaidi, au mboni moja ikipanuka na kuacha kuitikia mwanga, daktari aitwe papo hapo. Hilo si jambo la kusubiri raundi ya asubuhi. Zamu inapokabidhiwa, wauguzi wawili wampime mgonjwa pamoja, wa kutoka na wa kuingia, ili alama zao ziwe na maana moja. Dakika 3 zinazotumika hapo huokoa mabishano ya usiku kucha.

Kazi ndogo zisizo ndogo

Wengi wa wagonjwa hawa hawafi kwa ubongo peke yake. Hufa kwa nimonia iliyoanzia kwenye mate na makohozi yaliyoteremka mapafuni, kwa vidonda vya kulalia vilivyopeleka wadudu kwenye damu, kwa uambukizi uliopanda na mrija wa mkojo, au kwa damu iliyoganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni. Anayenusurika huweza kuzinduka akiwa na viungo vilivyokakamaa na jicho lililopofuka kwa kukauka. Ni masikitiko makubwa kwa kijana kurudishiwa akili zake katika mwili ulioharibikiwa kwa kusahauliwa.

Kichwa cha kitanda kiinuliwe kufikia nyuzi 30, na shingo ikae sawasawa bila kupinda, ili damu ishuke kutoka kichwani kwa wepesi. Iwapo shingo haijathibitishwa kuwa salama, kitanda kizima ndicho kiinamishwe. Kamba inayoshikilia mrija wa kupumulia isikaze shingo. Makohozi yavutwe kwa uangalifu, kila mara kwa sekunde chache tu, baada ya mgonjwa kuongezewa oksijeni. Mgonjwa ageuzwe walau kila saa 2, huku visigino, kiuno na kisogo vikikaguliwa. Kinywa kipigwe mswaki na kusafishwa mara kadhaa kwa siku, hata kama mgonjwa hali chochote kwa kinywa. Macho yasiyofumba yapakwe dawa ya kulainisha na kufunikwa. Viungo vyote, kuanzia vidole hadi nyonga, vinyooshwe na kukunjwa taratibu mara 2 au 3 kwa siku, na nyayo zizuiwe zisilegee na kuanguka mbele.

Lishe nayo isiachwe nyuma. Miongozo ya tiba ya majeruhi wa ubongo inataka mgonjwa awe amefikia kiwango kamili cha chakula ifikapo siku ya 5, au kwa kuchelewa sana siku ya 7. Mrija wa puani uhakikiwe kabla ya kila mlo kwamba uko tumboni, na mgonjwa akae ameinuliwa wakati wa kulishwa na kwa muda baada ya hapo.

Mgonjwa anapoanza kuhangaika kitandani, haraka ya kumfunga mikono ni ishara ya wodi iliyochoka. Aulizwe kwanza, kwa kupapaswa na kukaguliwa: je, kibofu kimejaa kwa sababu mrija umeziba? Amekaa siku ngapi bila choo? Ana homa? Anapungukiwa na oksijeni? Ana mfupa uliovunjika ambao haukuonekana siku ya kwanza? Kutokuwa na fahamu hakumaanishi kutokuwa na maumivu yanayostahili dawa. Mara nyingi mahangaiko ndiyo lugha pekee aliyobakiwa nayo.

Anayenyamaza huenda anasikia

Koma yenyewe, yaani hali ya kufumba macho na kutozinduka kwa kichocheo chochote, kwa kawaida haiendelei zaidi ya wiki chache. Baada ya hapo, asiyefariki huanza kuzinduka, au hufungua macho bila kuonyesha dalili ya kutambua, au huonyesha utambuzi hafifu unaokuja na kutoweka. Kutofautisha hali hizi mbili za mwisho ni jambo gumu, na dunia nzima imekuwa ikikosea. Utafiti wa Liège, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2009, uliwapima upya kwa kipimo maalumu wagonjwa 44 waliokuwa wamethibitishwa na jopo la wataalamu kwamba hawana utambuzi wowote. Kati yao 18, sawa na asilimia 41, walionekana kuwa na utambuzi hafifu.

Mwaka 2006, Adrian Owen na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walichapisha habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia katika ajali ya barabarani na ambaye miezi 5 baadaye hakuwa akiitikia lolote. Wakiwa wanapiga picha za utendaji wa ubongo wake, walimwambia awaze kwamba anacheza tenisi, kisha awaze kwamba anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Sehemu za ubongo wake ziliwaka kama zinavyowaka kwa mtu mzima wa afya anayefikiria mambo hayo. Alisikia, akaelewa, akatii, na hakuna kiungo chake hata kimoja kilichotikisika. Mwaka 2024 utafiti wa vituo kadhaa katika nchi mbalimbali ulikuta kwamba, kati ya wagonjwa 241 ambao hawakuonyesha kutii amri yoyote kitandani, 60, yaani mmoja kati ya wanne, waliitikia amri hizo ndani ya ubongo.

Mashine zilizotumika katika tafiti hizo ni nadra katika hospitali za Afrika Mashariki, na si busara kuzingoja. Funzo lake, hata hivyo, halihitaji mashine. Ikiwa mmoja kati ya wanne huenda anaelewa, basi adabu ya wodi lazima izingatie kwamba kila mmoja huenda anaelewa. Muuguzi kijana anayemkaribia mzee aliyelala bila fahamu na kusema, "Shikamoo baba, ni asubuhi, uko hospitali, sasa tunakugeuza upande wa kushoto," hafanyi mzaha. Shikamoo haidaiwi marahaba ndipo iwe na maana. Kadhalika, mazungumzo ya bei ya jeneza, ya nani atamchukua mtoto, au ya "huyu hana maisha" hayana nafasi juu ya kitanda hicho. Yafanyike chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Ni lazima kusema pia yasiyojulikana kuwa kweli: haijathibitishwa kwamba kumsemesha mgonjwa kunatosha kumzindua. Tafiti za sauti za ndugu zilizofanyika ni ndogo. Lakini kumsemesha hakuna gharama, humhifadhia mgonjwa utu wake, na humfanya anayemsemesha amtazame usoni. Anayetazama usoni ndiye huona ukope uliotikisika.

Lugha ya kumpima

Lipo jambo ambalo vitabu vya tiba vilivyoandikwa katika nchi zenye lugha moja havilitaji vya kutosha. Amri za kupima utambuzi zina thamani pale tu zinapotolewa kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa bila jitihada. Mzee aliyelelewa kwa Kisukuma, Kimakonde au Kimaasai, ambaye Kiswahili alijifunza ukubwani, anapopaziwa sauti ya "Finya mkono wangu!" na mgeni mwenye haraka, asipofinya hakujathibitika lolote kuhusu ubongo wake. Ndugu aitwe atoe amri hiyo kwa lugha ya nyumbani na kwa jina analoitwa huko, si lile la kwenye cheti. Pawepo na utulivu, redio izimwe, na mgonjwa apewe walau sekunde 10 za kujibu, kwa kuwa ubongo ulioumia huenda polepole. Amri ya kufinya mkono irudiwe na ifuatiwe na ile ya kuachia, maana kiganja cha mgonjwa huweza kufumba chenyewe bila hiari.

Kifaa kimoja cha bei ndogo kinastahili kuwekwa kwenye kila toroli ya wodi, nacho ni kioo cha mkononi. Wagonjwa wenye utambuzi hafifu huweza kushindwa kufuata kwa macho kalamu au kidole, lakini wakafuata sura yao wenyewe kiooni. Utafiti mwingine wa Liège, wa mwaka 2008, ulithibitisha hilo. Wodi isiyo na kioo huweza kumwandika asiyetambua mtu ambaye anajiona.

Ndugu kama sehemu ya timu

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote linajulikana: wauguzi hawatoshi. Ni kweli, na si haki kumlaumu muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 30 usiku kwamba hakumgeuza mmoja wao kila saa 2. Wajibu wa kuongeza watumishi uko kwa wenye mamlaka, na makala haya hayauondoi mabegani mwao. Lakini nje ya lango la wodi wapo mama, mke, kaka na shangazi wanaongoja saa ya kuona wagonjwa, wakiwa na mikono mitupu na mioyo iliyojaa hofu. Katika hospitali nyingi wao tayari hufua, huosha na kulisha, ila hufanya hivyo bila kufundishwa. Kinachopendekezwa ni kuugeuza msaada huo wa kubahatisha kuwa kazi yenye mafunzo na usimamizi.

Ndugu mmoja au wawili wateuliwe kwa kila mgonjwa. Wafundishwe kunawa mikono kabla na baada ya kumgusa, kusaidia kumgeuza, kunyoosha viungo kama walivyoonyeshwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kusafisha kinywa, na kuandika kwenye daftari yale wanayoyaona: saa, kilichosemwa au kufanywa, na mgonjwa aliitikiaje. Anayekaa naye kutwa nzima huona mengi kuliko daktari anayepita kwa dakika 5, na maelezo ya mama kwamba "amenifuata kwa macho" yasipuuzwe kuwa ni matamanio. Yapimwe.

Wafundishwe vilevile yasiyofaa. Methali husema mgonjwa haulizwi uji, na kwa mapenzi hayohayo ndugu wengi humtilia asiye na fahamu kijiko cha uji, maji ya baraka au dawa ya kienyeji kinywani. Kwa mgonjwa asiyeweza kumeza, kijiko hicho huishia mapafuni na huweza kumuua. Dua na sala zina nafasi yake kando ya kitanda, na hakuna mhudumu anayepaswa kuzizuia. Zisomwe, ziimbwe kwa sauti ya chini, lakini chochote kisipite kinywani bila ruhusa ya wahudumu. Jambo hili waambiwe siku ya kwanza, kwa maneno mepesi, kabla halijatokea.

Tumaini lisilo la uongo

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inadaiwa kwamba juhudi hizi zote huwapa ndugu matumaini ya uongo, na huwafanya wauze ng'ombe na shamba kwa ajili ya mtu ambaye hatapona. Pingamizi hili linastahili jibu la kweli. Ni kweli kwamba wengi wenye jeraha kali hufariki, na wengine hubaki na ulemavu mkubwa. Lakini dawa ya tumaini la uongo si kukata tamaa kwa uongo. Kauli ya "hatapona" inayotolewa siku ya pili hujitimiza yenyewe: ndugu hupunguza safari za kuja, wauguzi hupunguza kumgeuza, nimonia huingia, na kifo kinapotokea husemwa kwamba daktari alijua. Miongozo iliyotolewa mwaka 2018 na chama cha madaktari bingwa wa mfumo wa fahamu cha Marekani inaonya kwamba katika siku 28 za mwanzo wahudumu wasitoe kauli zinazoashiria kwamba wagonjwa wote wa aina hii hawana matumaini. Kwa walioumia kichwa, mabadiliko huweza kuendelea kuonekana hata baada ya miezi kadhaa.

Ukweli unaweza kusemwa bila kuua tumaini wala kulitia chumvi. Daktari akae chini pamoja na familia, si kusimama mlangoni, aseme kinachojulikana leo, kisichojulikana bado, kile kinachofanyika, na siku watakayokutana tena. Gharama nazo zitajwe mapema na kwa uwazi, ili familia iamue kwa macho yaliyofunguka. Na pale inapodhihirika kwamba mwisho umekaribia, huduma ya kando ya kitanda haikomi. Kinywa safi, mwili mkavu, maumivu yaliyotulizwa na mkono wa ndugu ulioshikwa ni haki ya anayekufa kama ilivyo haki ya anayepona.

Yanayowezekana kesho asubuhi

Mabadiliko haya hayangoji jengo jipya. Wodi inaweza kuanza na karatasi moja ning'inio kwenye kila kitanda cha asiye na fahamu, yenye saa za kumgeuza, alama tatu za Glasgow, mboni, shinikizo la damu, oksijeni, joto, sukari, kinywa, macho na viungo, na nafasi ya jina la aliyefanya kila jambo. Isiyojazwa ionekane na kila mtu, ndugu wakiwemo. Pili, kila hospitali imteue muuguzi mmoja atakayewafundisha ndugu na kuhakikisha kwamba hakuna mgonjwa anayerudishwa nyumbani akiwa na mrija wa kulishia kabla anayekwenda kumhudumia hajaonyesha, kwa mikono yake mwenyewe, kwamba anaweza kuuhakiki, kumlisha, kumgeuza, na kutambua dalili za kumrudisha hospitali. Tatu, vyuo vya tiba na uuguzi viache kulifundisha somo hili kama kiambatisho cha upasuaji. Mwanafunzi apewe mgonjwa mmoja asiye na fahamu, amhudumie kwa wiki nzima kuanzia mswaki hadi mazungumzo na familia, na apewe alama kwa hayo.

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha aliyelala bila fahamu huweza kuwa na mtu ndani yake anayesikia nyayo zikikaribia kitanda na kujua, kwa namna anavyoguswa, iwapo bado anahesabiwa miongoni mwa walio hai. Kama atazinduka au la, hilo haliko mikononi mwa wahudumu peke yao. Kama atazinduka akiwa na mwili unaofaa kuishi ndani yake, hilo kwa sehemu kubwa liko mikononi mwao, na huamuliwa kila baada ya saa 2.